Kabla ya Tingatinga Kufika Mtaani: Hivi Ndivyo Miradi ya Kaunti Hupitishwa Kitale na Bungoma

Shilingi 109,320. Hiyo ndiyo bei ambayo Kaunti ya Bungoma ilinunua wilbaro moja mwaka wa 2015. Moja, msee, na haikuwa na injini. Zilikuwa 10, kwa hivyo jumla ikagonga shilingi 1,093,200, wakati hardware yoyote ya mtaani ingekuuzia wilbaro kwa elfu chache tu. Nchi nzima ilicheka, meme zikatembea, EACC ikaingia na maofisa wa kaunti wakafikishwa kortini. Hadi wa leo ukijitambulisha kama mtu wa Bungoma, hukosi mjuaji wa kukuuliza wilbaro yako uliiacha wapi.

Sawa, tumecheka vya kutosha. Sasa jiulize: hiyo doo ilipita wapi kabla itoke? Pesa ya kaunti haitoki mfukoni mwa mtu kama nauli ya nduthi. Inapangwa, inaandikwa, inasomwa bungeni, inapitishwa, ndio inatumika. Njiani kuna milango kadhaa ambapo wewe, mkazi wa Matisi ama Musikoma, una haki ya kusimama na kuuliza swali. Shida ni kwamba wengi wetu hufika wakati milango imefungwa, tingatinga iko tayari kwa kibanda na kanjo wameshabeba meza.

Mradi hauzaliwi siku gavana anakata utepe. Huzaliwa kwa karatasi, karibu mwaka mzima kabla, ndani ya ukumbi wenye wazee wachache na watu waliokuja kungoja soda. Hii makala ni ya kukuonyesha hiyo milango iko wapi, inafunguliwa mwezi gani, na unaingia ukiwa umebeba nini.

Kwanza, jua nani ana kazi gani

Kelele nyingi za mtaani hupotea juu zinapelekwa kwa mtu asiyefaa. Unamtukana MCA juu ya barabara isiyo yake, yeye anakuangalia tu, na mwenye barabara anakula maisha Nairobi.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liligawa kazi. Kaunti ilipewa barabara za kaunti, taa za mitaani, maegesho na stage za magari, masoko, mitaro ya maji ya mvua, takataka, maji, hospitali za kaunti na zahanati, chekechea, na vyuo vidogo vya ufundi. Serikali kuu ilibaki na barabara kuu, shule za msingi, sekondari na vyuo vikuu, na polisi.

Kwa hivyo ile barabara ya kutoka Webuye kupitia Kitale hadi Lodwar ni ya KeNHA. Ya Kitale kwenda Endebess hadi mpaka wa Suam pia ni ya KeNHA. Darasa la shule ya msingi, hilo peleka kwa mbunge. Lakini mtaro unaorudisha maji machafu kwa nyumba za Tuwan kila mvua ikinyesha? Taa iliyozimika njia ya kutoka stage? Soko halina choo? Hiyo ni kaunti, na mtu wa kwanza kumshika shati ni MCA wako.

Trans Nzoia ina wadi 25, Bungoma ina 45. Kila wadi ina MCA wake, na kazi kubwa ya MCA si kununua jeneza na kuchangia harusi. Kazi yake ni kupitisha bajeti, kutunga sheria za kaunti na kuchunguza serikali ya gavana. Kama hujawahi kumuuliza kuhusu bajeti, hujawahi kumuuliza kuhusu kazi yake.

Kuchagua mradi mmoja ni kuacha mwingine

Chukua ile barabara ya njia mbili kutoka Kanduyi hadi Musikoma, kitu kama kilomita 6.5, iliyojengwa na pesa za Kaunti ya Bungoma mradi ukianzishwa enzi za Gavana Wycliffe Wangamati. Iligharimu zaidi ya shilingi bilioni 1. Kuna wale wanaipenda, wanasema mji umepata sura. Kuna wale wanauliza kwa nini bilioni nzima iende kwa barabara moja wakati kuna wadi ambazo nduthi inasukumwa kwa miguu mwezi wa Aprili.

Wote wana hoja. Ila hiyo mabishano inafaa kufanyika kabla mradi haujaandikwa kwa mpango. Bilioni 1 ukiigawa sawasawa kwa wadi 45 ni zaidi ya shilingi milioni 22 kwa kila wadi. Labda mji ulihitaji barabara kubwa kuliko vipande 45 vidogo vidogo. Labda hapana. Mwenye alikuwa kwa meza wakati wa kupanga ndiye aliamua, na kama hukuwa hapo, uliamuliwa.

Kalenda ya doo: weka hizi tarehe kwa simu

Mwaka wa kaunti wa pesa huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe, na hizi ndizo milango zenyewe.

*CIDP.* Huu ni mpango mkubwa wa miaka 5. Wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inasema pesa ya umma haifai kutengwa nje ya mpango. Yaani kama mtaro wenu hauko kwa CIDP, ukienda kuuitisha utaambiwa kwa adabu kwamba haupo. Mpango unaofuata ni wa miaka 5 baada ya 2027, kwa hivyo ukisikia kaunti inakusanya maoni yake, usilale.

*ADP, Septemba 1.* Mpango wa mwaka mmoja. Unatoa miradi kutoka kwa ule mkubwa na kusema ni gani itafanywa mwaka ujao. Lazima ufike kwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Hapa ndipo majina ya miradi huingia, wadi kwa wadi. Ukitaka kitu, Agosti ndio mwezi wako. Watu wengi huja kuongea Mei, wakati majina yameshaandikwa na kinachobaki ni kusukumana.

*CFSP, Februari 28.* Karatasi ya mkakati wa fedha. Inaboesha kusoma, lakini ndiyo inaamua kila idara itapata kiasi gani. Kama barabara zimewekewa kifuniko cha chini hapa, hakuna vile bajeti itawapa zaidi baadaye.

*Makadirio ya bajeti, Aprili 30.* Serikali ya gavana inapeleka bajeti yenyewe bungeni. Kamati ya bajeti inafaa kusikiza wananchi kabla ya kupendekeza mabadiliko. Kufikia Juni 30 bajeti inafaa kuwa imepita.

*Mswada wa Fedha.* Huu huja ndani ya siku 90 baada ya bajeti kupitishwa. Ndio unaoamua ada: leseni ya kibanda, ushuru wa soko, maegesho, stika ya nduthi. Kama unauza mitumba ama smokie, huu mswada unakugusa kuliko hotuba yoyote ya siasa.

Kuna pia kikao kinaitwa CBEF, yaani jukwaa la bajeti na uchumi la kaunti. Gavana ndiye mwenyekiti, na lazima kuwe na watu wasio maofisa wa serikali: wawakilishi wa wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na makundi ya dini. Umeona nani hayuko? Sheria haikutaja vijana kwa jina. Kwa hivyo mlango wenu ni kupitia chama cha biashara, cha wataalamu ama cha wafanyakazi. Kama sacco yenu ya nduthi imesajiliwa, hiyo ni tiketi. Itumieni.

Mkutano wa maoni si hisani

Kuna maofisa wanafanya ile mikutano kama vile wanakufanyia favour. Zii. Katiba, Kifungu cha 196, inalazimisha bunge la kaunti kufanya kazi wazi na kuwezesha wananchi kushiriki. Kifungu cha 201 kinasema hivyo hivyo kuhusu pesa ya umma.

Na hii si maneno tu. Mwaka wa 2014 Mahakama Kuu ilitupilia mbali Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013, kesi inayojulikana kama ya Gakuru, juu wananchi hawakushirikishwa vilivyo. Jaji Odunga alieleza kwamba kuweka tangazo moja tu hakutoshi. Kaunti inafaa kuwatafuta watu penye wako: makanisani, misikitini, barazani, kwa redio hata zile za lugha za mama. Sheria nzima ya ushuru ilianguka kwa sababu ya mikutano ya bure bure.

Kwa hivyo kama mkutano wa wadi yenu umeitwa Jumanne saa tatu asubuhi, kilomita 15 kutoka mjini, na tangazo limetoka jana yake, usikasirike tu. Andika. Sema tarehe ya tangazo, tarehe ya mkutano, mahali, na kwa nini watu hawangefika. Hiyo barua ni ushahidi, na kuna siku itahitajika.

Na ukifika, kubali kwamba kupiga mayowe kunafurahisha lakini hakuandikwi. Karani hawezi kuandika "wananchi walikasirika" kwa safu ya mradi.

Venye unaandika memo ya ukurasa mmoja

Memo ni barua ya maoni. Hauhitaji wakili na hauhitaji Kizungu cha kupinda ulimi. Kiswahili ni lugha rasmi ya Jamhuri, na bunge la kaunti haliwezi kukukataza kuitumia. Weka vitu vitano: nyinyi ni nani, shida iko wapi hasa, inaumiza nani na kivipi, mnataka nini kifanywe, na kiko ama hakiko kwa ukurasa upi wa mpango. Mfano tu:

"Kwa Karani wa Bunge la Kaunti ya Trans Nzoia. Sisi ni wafanyabiashara wa barabara ya kuingia sokoni, Wadi ya Matisi. Mtaro umeziba kutoka daraja dogo hadi choo cha soko, mita kama 200. Mvua ikinyesha maji huingia vibandani na wateja hawafiki. Tunaomba mtaro ujengwe kwa zege na ufunikwe, na uingizwe kwa mpango wa mwaka ujao. Tumeangalia orodha ya wadi yetu na haumo. Tumeweka sahihi hapa chini."

Imeisha. Weka sahihi na namba za vitambulisho, kisha piga picha mbili za mtaro ukiwa umejaa maji, si wakati umekauka. Toa nakala mbili, peleka moja na ile nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri ni kama Mpesa isiyo na meseji. Utabishana nayo hadi uchoke.

Kosa kubwa la memo nyingi ni kuomba kila kitu. "Tunaomba barabara, maji, stima, kazi na amani." Hiyo haisaidii mtu. Omba kitu kimoja ambacho kinaweza kupimwa kwa mita.

Na jirani akianza kuchimba petroli stesheni?

Maendeleo mengine si ya kaunti. Ni mtu binafsi amenunua ploti, asubuhi unapata mawe yamemwagwa, na fundi anakwambia kunakuja ghorofa tano, baa ama petroli stesheni dirishani mwako.

Hapo sheria ni ile ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Huwezi kujenga ama kubadilisha matumizi ya ploti bila ruhusa ya kaunti. Anayeomba lazima atangazie umma, na tangazo lenyewe lazima liwaalike watu kupeleka pingamizi kwa waziri wa kaunti anayehusika na mipango. Miradi mingi mikubwa pia hupitia NEMA, ambayo huangalia athari kwa mazingira.

Kuna mtego hapa. Mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, sheria inachukulia kwamba ruhusa imepeanwa. Ukimya wa ofisi ni ndio. Kwa hivyo ukiona tangazo kwa ua ama kwa gazeti, usingoje mtu mwingine apinge. Na uamuzi ukitoka na haujakuridhisha, una siku 14 kukata rufaa kwa kamati ya uhusiano ya kaunti, ambayo nayo ina siku 14 kuamua. Bado hujaridhika? Mahakama ya Mazingira na Ardhi iko.

Pingamizi nzuri haisemi "hatumtaki huyu mtu". Inasema maji taka yataenda wapi, magari yatageukia wapi, watoto wa shule ya karibu watavukia wapi. Ofisa wa mipango anaweza kupuuza chuki, lakini swali la maji taka lazima alijibu.

Kazi ikishaanza, bado una mlango

Turudi kwa wilbaro. Ukisoma bajeti, mara nyingi hautaona "wilbaro, laki moja." Utaona tu mstari wa vifaa vya idara fulani na jumla yake. Bei za ajabu hujificha ndani ya ununuzi. Kwa hivyo mpango kupita vizuri ni nusu ya safari. Nusu nyingine ni kuuliza kilichonunuliwa na kwa bei gani.

Silaha yako ni Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Mwananchi yeyote anaweza kuandika, kwa Kiswahili ama Kizungu, akiomba stakabadhi ya umma. Ofisi inafaa kujibu ndani ya siku 21. Kama maisha ama uhuru wa mtu uko hatarini, ni saa 48. Ikikataa, lazima itoe sababu, na unaweza kupeleka malalamiko kwa Ombudsman, ile tume ya CAJ. Bei utakayolipa ni ya kutoa nakala.

Omba nini? Omba mkataba na BQ. BQ ni orodha ya kila kazi na bei yake: mita ngapi za mtaro, mawe lori ngapi, nguzo za taa ngapi. Ukishaipata, auditi ni ya futi kamba na macho. BQ inasema mita 300, mmepima mkapata 210? Hamhitaji digrii ya uinjinia kuuliza mita 90 zimeenda wapi.

Kisha kuna ile miradi inayosimama. Hospitali kubwa ya rufaa ya Kitale, ambayo sasa inabeba jina la Wamalwa Kijana, makamu wa rais aliyefariki mwaka wa 2003, ilianza kujengwa enzi za Gavana Patrick Khaemba. Ilichukua miaka na mikaka, na iliendelea hadi utawala wa George Natembeya aliyeingia 2022. Jengo kubwa haliliwi kwa sahani moja. Linatengewa pesa kila mwaka, kipande kwa kipande. Mwaka mmoja ukirukwa, ama pesa ya Nairobi ikichelewa, ama gavana mpya akiwa na mapenzi na mradi mwingine, kontrakta anaondoa mashine, vyuma vinaota kutu na deni linapanda. Ndiyo maana kila ADP ikitoka, swali la kwanza lisiwe "tunataka nini kipya". Uliza "ile ya zamani imetengewa ngapi".

Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo, si mishahara na chai. Je, zinatumika kweli? Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti ya kila kaunti kila robo ya mwaka, na ni ya bure mtandaoni. Tafuta jina la kaunti yako, angalia safu ya maendeleo, linganisha kilichopangwa na kilichotumika. Dakika tano tu, na utakuwa na hoja kuliko mbogi yote ya kijiweni.

Na kama wewe ni fundi ama una kakampuni kadogo, kumbuka AGPO. Asilimia 30 ya kandarasi za umma zimetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Jisajili. Lakini ingia ukijua kaunti inaweza kukaa na pesa yako muda mrefu, na mkopo wa benki haungoji.

Sasa ufanye nini wiki hii?

Usianze na kaunti nzima. Chagua kitu kimoja mtaani kwenu, kile ambacho hukasirisha kila mtu mvua ikinyesha ama giza likiingia. Tafuteni ADP ya mwaka huu kwa tovuti ya kaunti ama ofisi ya msimamizi wa wadi, mwone kama kimo. Kikiwa kimo, andikeni mkiomba BQ. Kikiwa hakimo, memo yenu iwe imegongwa muhuri kabla Agosti haijaisha.

Hakuna mtu anakuahidi kwamba barua moja italeta lami. Kuna barua zitatupwa kwa droo, kuna ofisa atakuzungusha. Lakini mtu mwenye nakala iliyogongwa muhuri huzungushwa kwa woga. Wilbaro za Bungoma zilijulikana baada ya pesa kutoka. Mtaro wa kwenu bado ni karatasi, na karatasi inaweza kurekebishwa na kalamu. Ikishakuwa zege, tafuta nyundo.